Kihispania Chini ya Mlima Meru

Watu wengi wa kwetu Sakina hukichukulia Kihispania kuwa lugha ya mbali mno, lugha ya wacheza kandanda na ya tamthilia za runinga, isiyokuwa na undugu wowote nasi. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu ya pili inahitaji kutafutwa katika historia, nami nimekuwa nikiitafuta tangu mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita na kutangaza mbele ya mama yake kwamba anataka kusoma Kihispania hadi shahada, kisha awe mwalimu wa lugha hiyo.

Tuanzie Mombasa. Mtoto yeyote aliyesoma historia anajua kwamba Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba tangu 1580 hadi 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na aliyekuwa katika kiti cha enzi wakati ngome hiyo inaanza kujengwa alikuwa Felipe wa Pili wa Hispania. Hakikuja Kihispania pwani kwa sababu hiyo, la hasha. Wareno waliendelea kutumia lugha yao. Hata hivyo Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja, na maneno tuliyoachiwa na Wareno humfanya Mhispania asimame na kutega sikio. Sisi tunasema meza, yeye anasema mesa. Bendera yetu kwake ni bandera, mvinyo ni vino, karata ni carta. Gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa, na Mhispania akitaka kutaja kanisa husema iglesia. Namna kanisa lilivyogeuka kuwa jela katika vinywa vya Waswahili ni habari ya peke yake.

Undugu wa pili ni mzito zaidi, na wenyewe haukuja kwa meli za Wareno. Waarabu na Waberiberi waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wa mwisho wa Kiislamu huko, ule wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Karibu miaka 800 hiyo iliacha maneno mengi ya Kiarabu katika Kihispania, kama vile biashara ya Bahari ya Hindi ilivyoyaacha katika Kiswahili. Kwa hiyo maneno yale yale yalisafiri kwenda magharibi na mengine kuja kusini, na leo yanakutana kama watoto wa baba mmoja waliolelewa katika nyumba mbili. Mtu tusiyetaka kumtaja jina sisi humwita fulani. Mhispania humwita fulano. Sukari ni azúcar. Hata, kwa maana yake ya zamani ya mpaka, ni hasta. Kadhi wetu anahukumu mirathi na ndoa, ilhali kule neno hilo limekuwa alcalde, yaani meya wa mji. Diwani wetu anaketi katika halmashauri. Diwani wao amegeuka aduana, na hiyo ni forodha. Rehani, ambayo kwetu ni kitu unachokiacha kwa mkopeshaji, kwao ni rehén, na maana yake ni mateka. Nilipomsomea dada yangu hilo la mwisho alicheka, halafu akanyamaza. Alikuwa anawaza shamba.

Nitafika kwenye shamba. Kwanza nimalize habari ya jinsi Kihispania kilivyotufikia sisi wenyewe, kwa miguu yake.

Kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, vijana kadhaa wa visiwani walikwenda Kuba kwa mafunzo. Baadhi yao walirudi na ndevu, na magwanda, na neno moja kubwa mdomoni: Venceremos, yaani tutashinda. Mapinduzi yalipotokea, watu waliowaona na kuwasikia wakaamini kwamba Wakuba wametua kisiwani, na habari hiyo ikavuma hadi nchi za Magharibi. Hawakuwa Wakuba. Walikuwa Waswahili waliojifunza Kihispania kidogo.

Mwaka uliofuata safari ikageuka. Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kuingia Kongo kwa siri pamoja na wapiganaji wa Kikuba. Ili kuficha majina yao wakatumia namba za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Che alifundishwa Kiswahili na kutafsiriwa na kijana wa Kikongo wa miaka 16 aitwaye Freddy Ilanga. Vita vile havikufanikiwa. Mwezi Novemba Wakuba waliondoka, na Che akajificha katika ubalozi wa Kuba jijini Dar es Salaam, akiandika habari za kushindwa kwao. Freddy naye alipelekwa Kuba kwa ziara iliyodhaniwa kuwa fupi. Alibaki huko miaka 40, akasomea udaktari kwa Kihispania, akapoteza mawasiliano yote na ndugu zake. Namkumbuka kijana huyo kila ninaposikia mtu akisema kwamba lugha ni somo kama masomo mengine.

Baadaye uhusiano ukawa wa wazi. Mwalimu Nyerere alizuru Kuba mwaka 1974, Fidel Castro akaja kwetu Machi 1977. Wakuba walitusaidia kujenga shule za sekondari, na ile ya Kibiti inajulikana zaidi kwa asili hiyo. Madaktari wao walikuja, na wanafunzi wetu wakaenda. Jirani yangu mmoja, daktari mstaafu, alikuwa miongoni mwao. Anasema mwaka wa kwanza hawakugusa maiti wala darubini. Ulikuwa mwaka wa lugha tupu, asubuhi hadi jioni, na asiyefaulu hakuvuka. Leo akikasirika na mafundi wa bomba hutukana kwa Kihispania, na mafundi hudhani anawaombea dua.

Ndugu msomaji, angalia kwamba katika habari zote hizo hakuna mwalimu wa Kihispania. Wapo wapiganaji, madaktari, wanafunzi wa tiba. Lugha ilikuwa ngazi ya kupandia kwenye kitu kingine, na ukishafika juu ngazi huikumbuki. Ndiyo maana hatukuachiwa desturi ya kukifundisha. Kifaransa kilipata bahati tofauti: kina majirani wanaokizungumza, kina mtihani wa taifa katika sekondari, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekifundisha kwa miaka mingi. Hapa Arusha kilipata pia Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Miaka hiyo kijana aliyejua Kifaransa mjini hapa alikuwa na pa kubisha hodi. Mahakama ilipofungwa, wale waliojifunza sentensi za ofisini tu walibaki na sentensi zao. Waliokuwa na vyeti vya ualimu walirudi darasani.

Dada yangu anayajua hayo yote kuliko mimi, maana alikuwa akiuza chakula karibu na jengo la mikutano enzi hizo. Ndiyo maana swali lake kwa binti yake lilikuwa fupi: "Utamfundisha nani?"

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya shamba. Marehemu shemeji aliacha ekari moja na robo upande wa Ngaramtoni, ina kahawa chache za zamani, migomba na miparachichi. Tangu barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipopanuliwa kuwa ya njia nne, bei ya ardhi upande wetu imepanda, na madalali hawapumziki. Mpwa wangu alikuwa amepata habari za vyuo vya Hispania, akapiga hesabu ya nauli, ada na mwaka wa lugha, akaona kwamba shamba likiuzwa fedha zinatosha, labda zinabaki kidogo. "Mjomba," aliniambia, "wewe ni mwalimu, umweleze mama."

Sikumweleza mama. Nilimwomba yeye anieleze mimi jinsi atakavyoifundisha lugha hiyo kwa mtoto wa Sakina, na hapo ndipo nilipoona kwamba binti ana kichwa cha ualimu. Alianza na irabu. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu. Herufi ñ ni ny yetu. Mkazo katika maneno mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Kisha akaja kwenye sarufi. Mwingereza husumbuka sana kutofautisha ser na estar, kwa kuwa yeye ana kitenzi kimoja cha kuwa. Mtoto wetu tayari anasema "huyu ni mwalimu" lakini "mwalimu yupo darasani", hivyo robo tatu ya safari ameshaimaliza kabla hajafungua kitabu. Vivyo hivyo nataka aje: kile kiishio -e cha aje ndicho Mhispania anachokifanya anaposema quiero que venga. Upatanisho wa ngeli nao humwandaa mtoto. Aliyezoea vitabu vyeupe na miti myeupe hawezi kuogopa lugha yenye jinsi mbili tu.

Hoja ni kwamba vitabu vingi vya kujifunzia Kihispania vinavyopatikana kwetu vimeandikwa kwa mtu anayejua Kiingereza. Vinamweleza mtoto wetu kwa kurasa nyingi jambo analolijua, na kwa lugha inayompa shida, halafu vinapita haraka penye ugumu wake, kama kutenganisha r na l kwa wale ambao lugha ya nyumbani inazichanganya. Mwalimu wa Kihispania wa kwetu ana kazi ya kufanya ambayo hakuna Mhispania atakayemfanyia.

Baada ya hapo tulikaa, sisi watatu, tukaupanga mpango upya. Atasoma hapa nchini shahada ya sanaa na ualimu, kwa masomo mawili ya kufundishia: Kiswahili na Kifaransa. Hiyo itampa miaka mitatu, mazoezi ya kufundisha katika shule halisi, haki ya kuomba mkopo wa Bodi, na cheti ambacho mwajiri hakihoji. Kihispania atakisoma pembeni kwa kulenga mitihani ya DELE, ile inayotolewa kwa niaba ya serikali ya Hispania, hatua kwa hatua kutoka A1. Akifika B2 ndipo aombe ufadhili wa shahada ya uzamili ya kufundisha Kihispania kwa wageni. Aidha ahakikishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu, kabla ya kupanda ndege, kwamba shahada hiyo ya nje itatambuliwa hapa.

Na wanafunzi? Wa kwanza ni waongoza watalii wa hapa mjini, ambao wengi wameokota Kihispania njiani Kilimanjaro na Meru, wanajua kutaja twiga na tembo lakini mgonjwa akilalamika kichwa usiku kambini hawaelewi anasema nini. Umoja wa Afrika nao umeitaja lugha hiyo miongoni mwa lugha zake rasmi, sambamba na Kiswahili, katika marekebisho ya mwaka 2003, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha. Sikumwahidi ajira huko. Nilimwambia tu kwamba mkalimani wa Kiswahili na Kihispania asiyepitia Kiingereza ni mtu adimu.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akauliza DELE moja ni shilingi ngapi, akaandika nyuma ya daftari lake la madeni. Akasema parachichi za msimu huu zitalipa mtihani wa kwanza. Dalali alipokuja Jumamosi alikuta kahawa zinapogolewa.