Vipele Sehemu za Siri: Je, Inajuzu Kumuonesha Daktari?

Himdi Anastahiki Allaah. Ndugu aliyetuuliza yuko Mpanda, mkoani Katavi. Ameota vipele sehemu za siri na anaona haya kwenda hospitali.

Tunamjibu: Wanavyuoni wamejuzisha kufunua 'awrah mbele ya tabibu kwa kadiri ya haja tu, mwanamme kwa mwanamme na mwanamke kwa mwanamke. Asipopatikana, basi wa jinsia nyengine, na mke awe na mumewe au maharimu wake. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko hapo hapo mjini Mpanda, aende.

Vipele hivyo si vya aina moja. Vile vidogo vya mafuta si maradhi kabisa. Masundosundo huletwa na kirusi cha HPV. Kaswende huanza na kidonda kisichouma, hivyo kutoumwa si dalili ya salama.

Nyumba nyingi huvunjika kwa dhana hapa. Masundosundo huweza kutokea miezi, hata miaka, baada ya kuambukizwa, pengine kabla ya ndoa. Kipele hakithibitishi zinaa. Inataka mashahidi wanne au kukiri. Mpaka daktari aseme, wajizuie na tendo la ndoa, wala wasipake dawa ya masundosundo ya mkononi, huunguza.

Na Allaah Anajua zaidi.