Mkoba una jina la kampuni. Aliyeuchora je?

Kama umewahi kupekua mikoba ya mitumba Gikomba ama Toi, unakijua kile kichuma cha mbele. Unakizungusha kidogo, mkoba unafunguka. Mi nimeuza mikoba ya hivyo kwa video zangu miaka miwili na sikuwahi kujiuliza nani alikileta kwa mikoba.

Ni mwanamke Mmarekani, Bonnie Cashin. Mamake alikuwa fundi wa nguo kule California, kwa hivyo mtoto alikulia kwa vitambaa. Miaka ya 1930 alikuwa New York akibuni mavazi ya wachezaji densi wa ukumbi wa Roxy. Mwaka wa 1943 akaingia Hollywood, studio ya Twentieth Century-Fox, na kufika 1949 alikuwa amebuni mavazi ya filamu kama 60. Ukiona *Laura* ya 1944, zile nguo za Gene Tierney ni mkono wake.

Halafu akarudi New York kubuni nguo za watu wa kawaida, wanaotembea na wana haraka. Miaka ya 1960 Coach, waliokuwa wanatengeneza pochi za wanaume, wakamwita awaanzishie mikoba ya wanawake. Cashin alikuwa na gari la kufunguka paa, na paa lenyewe lilishikwa na vichuma vya kuzungusha. Akaona: kama kinashika paa la gari, si kitashika mkoba?

Leo kile kichuma kimeigwa kila mahali, na jina lililobaki kwa ngozi ni la kampuni. Lakini bado tunaweza kusema ni wake. Mbona? Kwa sababu huyu mama alikuwa anaweka karatasi zake. Michoro ya jukwaa, ya filamu, ya nguo. Alifariki mwaka wa 2000, na leo mkusanyiko wake uko kwa maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Mtafiti anaweza kwenda, akaomba, akaletewa aone kwa macho yake.

Sasa skiza yangu. Baada ya kuacha chuo, nilimchorea mteja fulani michoro ya tisheti. Nikamtumia kwa WhatsApp, simu ikajaa, nikafuta. Mwaka jana nikaona mchoro wangu umevaliwa na msee nisiyemjua kwa mat. Nikampigia mteja. Akaniuliza, “Uko na ushahidi gani?” Sikuwa na kitu. Hata penseli niliyotumia ilikuwa ya kuazima.

Najua wengine mtasema kazi nzuri hujitangaza yenyewe. Zii. Kazi inajitangaza, sawa, lakini haitaji jina la mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tukadhani wanaongelea duka la mangi tu.

Kwa hivyo kama unachora, unashona, unaandika mistari ama unatengeneza biti, weka ile kopi ya kwanza, hata ile mbaya yenye makosa. Andika tarehe. Andika nani aliitisha na alilipa ngapi. Mi nimenunua kaunta buku, na ukurasa wa kwanza nimeichora ile tisheti upya.

Tarehe niliyoandika ni ya leo. Ile ya ukweli sina.