Hanif Mohammad na Saa Kumi na Sita za Bridgetown

Katika rasi ya Kathiawar, magharibi ya Bara Hindi, pwani ile ile ambayo majahazi ya Veraval na Porbandar yalikuwa yakitweka matanga kila kaskazi ilipovuma, kuja Zanzibar na Mombasa, palikuwa na dola ndogo iliyoitwa Junagadh, mtawala wake Nawabu Mwislamu na raia zake akthari Wahindu. Na huko, tarehe 21 Desemba 1934, alizaliwa Hanif Mohammad, ambaye baadaye alikuja kusimama mbele ya vijiti vitatu vya kriketi muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuiwakilisha nchi yake katika mchezo huo. Mama yake, Ameer Bee, alikuwa bingwa wa mpira wa vinyoya na wa keram, na inaelekea kwamba tabia ya kutokubali kushindwa iliingia katika nyumba ile kwa mlango wa mama kabla ya mlango wa baba. Watoto wa kiume walikuwa watano: Wazir, Raees, Hanif, Mushtaq na Sadiq, wanne kati yao waliichezea Pakistan katika michuano ya Testi, yaani mechi rasmi za siku nyingi baina ya mataifa, na wa tano, Raees, aliwahi kuwa mchezaji wa akiba.

Bara Hindi ilipogawanywa mwaka 1947, Nawabu wa Junagadh alitangaza kujiunga na Pakistan, ingawa kwa upande wa nchi kavu ardhi yake ilikuwa imezungukwa na India. Kabla mwaka haujaisha Nawabu akakimbilia Karachi, majeshi ya India yakaingia, na maelfu ya Waislamu wa Junagadh wakafuata njia ya Nawabu, miongoni mwao ukoo wa Mohammad. Wakafika Karachi bila mali ya kutajika, wakapata hifadhi katika hekalu kuukuu la Wahindu lililoachwa na wenyewe, ambao nao walikuwa wamekimbilia upande wa pili. Ni katika majengo hayo, ambamo waliokuwa wakimwabudu mungu wao hawakuwamo tena, ndimo ndugu watano walimokuwa wakipiga mpira tangu asubuhi hata magharibi. Baba hakuishi sana baada ya hijra hiyo, na mzigo wa nyumba ukamwangukia mama na Wazir.

Mwalimu aliyemtambua Hanif alikuwa Abdul Aziz Durani, aliyejulikana kwa jina la Master Aziz, mlinda vijiti wa zamani aliyekuwa akifundisha katika skuli ya Sindh Madrassah, skuli ile ile aliyosoma Muhammad Ali Jinnah. Kwa ajabu ya zama zile, mwana wa mwalimu huyo, Salim, alibakia upande wa pili wa mpaka, akaja kuwa nyota wa timu ya India. Master Aziz hakumfundisha Hanif kupiga mpira kwa nguvu, kwani kijana alikuwa mfupi na mwembamba. Alimfundisha kuutazama mpira mpaka ufike gongoni, na kuuacha upite usipokuwa na haja ya kuguswa. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, hilo la pili ndilo gumu: mpigaji hupewa gongo apige, na watu wamekuja kumtazama akipiga, naye anauinua mkono na kuuachia mpira uende zake.

Pakistan changa ilikuwa na hamu ya kutambuliwa katika kila jambo, na kriketi haikuwa mbali na jambo hilo. Mwezi wa Novemba 1951 timu ya MCC kutoka Uingereza ilikuja Karachi, na juu ya mkeka wa usumba uliotandikwa uwanjani badala ya majani, Pakistan ikaishinda. Hanif, mwenye miaka kumi na sita, alipata mbio 64, na mbio ndizo alama za mchezo huu, katika zamu ya pili. Ushindi huo ulikuwa hoja kubwa iliyoifungulia Pakistan mlango wa Testi mwaka uliofuata, na Oktoba 1952, huko Delhi, kijana huyo akawa mtu wa kwanza kuipatia nchi yake mbio hamsini katika zamu moja ya Testi, naye wakati huo huo ndiye aliyekuwa mlinda vijiti. Nchi iliyokuwa na umri wa miaka mitano tu ilikuwa imekwisha kuzoea kuuliza, kila mechi ilipoanza, kama Hanif bado yumo.

Lakini yote haya yalikuwa utangulizi. Mnamo tarehe 17 Januari 1958, katika mji wa Bridgetown, kisiwani Barbados, Pakistan ilianza mechi yake ya kwanza ya Testi dhidi ya West Indies, mechi iliyopangiwa siku sita. Wenyeji walipiga mbio 579 kwa wachezaji tisa kutolewa, kisha wakafunga zamu yao. Pakistan ikajibu kwa 106 tu, mrushaji Roy Gilchrist, mmoja wa watu wenye kasi na ghadhabu kuliko wote waliopata kushika mpira, akiwa amewavunja moyo. Kwa kanuni ya mchezo, timu iliyoachwa nyuma kiasi hicho hurudishwa uwanjani papo hapo ipige tena, wapinzani wakitaka. Pakistan ilikuwa nyuma kwa mbio 473, na muda uliosalia ulikuwa siku tatu na nusu. Kushinda kulikuwa muhali. Kusalimika nako, kwa nadhari ya kila mwenye akili timamu, kulikuwa karibu na muhali.

Hanif aliingia mchana wa siku ya tatu. Hapakuwa na kofia ngumu za kujikinga kichwa, na mipira ya Gilchrist ilikuwa ikiruka kutoka ardhini hadi usoni. Naye akakata shauri kutoufyeka mpira wa juu, ingawa alikuwa fundi wa kuufyeka, kwa kuwa ndio mtego uliokuwa ukitegwa. Jioni hiyo alikuwa na mbio 61. Jioni ya siku ya nne alikuwa na 161. Jioni ya siku ya tano alikuwa na 270, na ngozi ya chini ya macho yake ilikuwa imeanza kubanduka kwa jua lililokuwa likirudi kutoka katika ardhi ile nyeupe. Nahodha wake, Abdul Hafeez Kardar, mtu mkali na msomi wa Oxford, alikuwa akimwachia vikaratasi hotelini usiku, kumwambia kwamba tumaini la timu ni yeye. Wengine walikuja na kwenda: Imtiaz Ahmed akatoka na 91, Alimuddin akafuata, kisha Saeed Ahmed, kisha kaka yake Wazir, na pamoja na kila mmoja wa hao wanne, mmoja baada ya mwingine, Hanif alijenga mbio zaidi ya mia. Wasimulizi husema kwamba kijana mmoja wa Bridgetown, aliyekuwa akitazama mechi kutoka juu ya mti, alizidiwa na jua akaanguka, na alipozinduka hospitali swali lake la kwanza lilikuwa kama Hanif ametoka. Kisa hiki kina harufu ya kutiwa chumvi, lakini chumvi yenyewe imetiwa mahali pake.

Alitoka siku ya sita, baada ya dakika 970, yaani saa kumi na sita na dakika kumi, akiwa na mbio 337, amebakiwa na 27 tu kuifikia rekodi ya Testi ya Len Hutton wa Uingereza, 364. Mpira wa Denis Atkinson uligusa ncha ya gongo na kuingia mikononi mwa Gerry Alexander. Pakistan ilifikia 657 kwa wanane, mechi ikaisha sare. Majuma machache baadaye, huko Kingston, Garfield Sobers aliivunja rekodi ya Hutton kwa mbio 365, na Hanif alikuwa uwanjani akimtazama, akiikimbilia mipira yake.

Hapo ndipo wengi walipompachika jina la mtu mzito, mtu wa kuzuia, ambaye kumtazama ni kazi kama kazi nyingine. Hukumu hiyo si ya haki. Mwaka mmoja baada ya Bridgetown, Januari 1959, katika uwanja wa Parsi Institute wa Karachi, akiichezea Karachi dhidi ya Bahawalpur, mtu huyo huyo alipiga mbio 499 kwa dakika 635. Msomaji apige hesabu: Bridgetown alipata kiasi cha mbio ishirini na moja kwa saa, Karachi alipata zaidi ya arobaini na saba. Hazikuwa tabia mbili za watu wawili. Kule Bridgetown taifa zima lilikuwa nyuma yake na hakuna mbele ila shimo. Hapa hapakuwa na la kuogopa, akaufungua mkono. Subira yake, basi, haikuwa uzito wa damu, bali hiari ya mtu aliyejua kwamba timu yake haina mwingine wa kumtegemea, na aliyekuwa tayari kuonekana mchoshi kuliko kuonekana shujaa kwa nusu saa.

Hata hiyo 499 ina uchungu wake. Alikuwa amekwisha kuipita rekodi ya Don Bradman ya 452, rekodi ya zamu moja katika mechi zote za daraja la kwanza, iliyodumu tangu 1930, na siku ilikuwa imebakiwa na mipira miwili. Ubao wa hesabu ulimwonyesha kuwa na 496, kumbe alikuwa na 498. Akaupiga mpira, akakimbia mara moja, akarudi kuitafuta ya pili ili apate nafasi ya mpira wa mwisho, na vijiti vikavunjwa kabla hajafika. Alipokuwa akiondoka ndipo ubao ukageuzwa kuwa 499. Rekodi hiyo ilisimama mpaka Juni 1994, Brian Lara alipopata 501 huko Birmingham.

Sisemi kwamba subira hiyo haikuwahi kumzidi. Huko Dacca, mwaka 1962, alipata mbio 111 na 104 dhidi ya Uingereza, Mpakistani wa kwanza kupata mia katika zamu zote mbili za Testi moja, lakini alitumia zaidi ya saa kumi na nne kwa jumla, katika mechi isiyomlazimu, na naona hapo alikuwa mtumwa wa sifa yake mwenyewe. Lakini miaka mitano baadaye, akiwa nahodha, alisimama katika uwanja wa Lord's, Uingereza, kwa zaidi ya saa tisa, akamaliza na 187 bila ya kutolewa, na hapo timu ilikuwa na haja naye kama zamani.

Testi yake ya mwisho ilikuwa Karachi, Oktoba 1969, dhidi ya New Zealand, na ndani yake walikuwamo Mushtaq na Sadiq, huyu wa mwisho akifungua zamu pamoja na Hanif katika Testi yake ya kwanza. Testi 55, mbio 3,915, mara kumi na mbili kupita mia: hesabu hizo zimeandikwa na hazina mgogoro. Alikufa Karachi tarehe 11 Agosti 2016, na hata uzeeni aliendelea kushikilia kwamba vitabu vimemdhulumu juu ya Bridgetown, kwani yeye alikuwa uwanjani dakika 999, si 970. Na hakuna katika mechi za Testi, kwa hesabu yake wala kwa hesabu ya vitabu, aliyewahi kumfikia.