Nguzo za Hesabu: Karatu na Ngorongoro

Jumla ya watu yafaa kujulikana, lakini huficha mengi. Katika sensa ya mwaka 2012 wilaya ya Karatu ilikuwa na watu 230,166, na jirani yake Ngorongoro 174,278. Mwenye kuchora nguzo mbili kwa hesabu hizo atatuonyesha wilaya iliyozidi, basi. Lakini tukiigawa kila wilaya kwa jinsi, twapata nguzo nne: Karatu wanaume 117,769 na wanawake 112,397, Ngorongoro wanaume 82,610 na wanawake 91,668. Hapo hudhihirika jambo lililofichika: Karatu wanaume ndio wengi, Ngorongoro wanawake.

Ufundi wa kusimamisha nguzo jozi kwa jozi si mpya. Mwaka 1786 William Playfair alichapisha London kitabu ambamo biashara ya Uskoti na kila nchi ilichorwa kwa nguzo mbili zilizokaribiana, moja ya bidhaa zilizoingia, moja ya zilizotoka.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Katika programu ya R, iliyoanzishwa New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman, mtumiaji wa nyongeza iitwayo ggplot2 hupanga hesabu zake katika safu tatu: wilaya, jinsi na idadi. Wilaya hukaa chini ya mchoro. Jinsi hutambulishwa kwa rangi. Asipotoa amri, nguzo hupandishwa moja juu ya nyingine, na jumla hurudi kutawala. Hana budi kuagiza zisimame ubavu kwa ubavu.

Mgawanyo huo si pambo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 280,454 Karatu na 273,549 Ngorongoro. Tangu Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilipoundwa mwaka 1959, wingi wa wakazi wake umekuwa hoja ya mabishano makubwa, na mwaka 2022 baadhi yao walianza kuhamia Msomera, wilayani Handeni. Lakini wilaya ina tarafa tatu, Ngorongoro, Loliondo na Sale, na Hifadhi imo katika ile ya kwanza. Mwenye kusimamisha nguzo moja ya wilaya nzima na kuiita Hifadhi huwahesabia wafugaji wa Hifadhi watu wa Loliondo na Sale. Kabla ya kuhukumu wingi wao, msomaji na adai kwanza nguzo tatu.