Kibao kimoja cha Frida

Mapema mwaka 1983, wimbo wa mwanamke aliyejiita Frida ulipanda hadi nafasi ya 13 kwenye chati ya Billboard, Marekani. Uliitwa "I Know There's Something Going On", manung'uniko ya mtu anayehisi kasalitiwa, na ngoma zake ziligonga kama mgeni mwenye hasira mlangoni. Baada ya hapo Wamarekani hawakumwona tena akiwa peke yake kwenye 40 bora. Kwa hesabu ya huko, Frida ni mwimbaji wa kibao kimoja.

Ila hesabu hiyo inategemea umesimama wapi.

Frida, kwa jina kamili Anni-Frid Lyngstad, alizaliwa Norway Novemba 1945. Baba yake alikuwa askari wa Ujerumani, mmoja wa jeshi lililokuwa limeikalia nchi hiyo wakati wa vita, na wanawake waliozaa na Wajerumani walitukanwa hadharani. Bibi yake akamchukua wakahamia Sweden. Mama alifariki mtoto hajatimiza miaka miwili.

Akiwa na miaka 13 tayari alikuwa akiimba na bendi za dansi. Tarehe 3 Septemba 1967 alishinda shindano la vipaji mjini Stockholm. Ilikuwa siku ya ajabu: Sweden nzima ilihama kutoka kuendesha magari upande wa kushoto kwenda kulia, watu wakahimizwa wabaki nyumbani. Mshindi alipelekwa kwenye televisheni usiku uleule, wakati nchi imetulia sebuleni. Bahati ya namna hiyo haipangwi na meneja yeyote.

ABBA ilikuja baadaye: yeye na Benny Andersson, Agnetha Fältskog na Björn Ulvaeus, washindi wa Eurovision mwaka 1974 kule Brighton. Katikati ya umaarufu huo, mwaka 1975, Frida alitoa albamu yake ya Kiswidi. Ndani yake mlikuwa na "Fernando", iliyoshika namba moja kwenye chati ya redio, Svensktoppen, kabla ABBA hawajairudia kwa Kiingereza na kuipeleka duniani. Kwa hiyo Waswidi walikuwa na kibao chake yeye mwenyewe miaka saba kabla ya ule wimbo wa ngoma.

Mwaka 1981 ndoa yake na Benny ilivunjika. Siku hizo alikuwa akisikiliza mara kwa mara "Face Value", albamu ya kwanza ya Phil Collins, mpiga drams na mwimbaji wa Genesis, ambaye naye alikuwa ametoka kwenye talaka. Frida akamtaka awe mtayarishaji wake. Mwanzoni mwa 1982 walikutana Polar, studio ya ABBA mjini Stockholm. Collins alikuja na watu wake: Daryl Stuermer kwenye gitaa, Mo Foster kwenye besi, hata wapuliza tarumbeta wa Earth, Wind & Fire. Nyimbo zilitoka kila upande. Bryan Ferry alitoa mmoja. Mwingine ulikuwa shairi la Dorothy Parker lililotiwa muziki na kijana wa Kiswidi, Per Gessle, ambaye miaka michache baadaye angeanzisha Roxette.

Wimbo uliotamba uliandikwa na Mwingereza Russ Ballard, aliyewahi kuwa mwanabendi wa Argent. Hapa ndipo chati zinapogeuka kichwa chini. Uingereza, ambako ABBA walifika namba moja mara tisa enzi hizo, wimbo wa Frida uliishia nafasi ya 43. Marekani, ambako ABBA nzima ilipata namba moja mara moja tu, kwa "Dancing Queen", ndiko alikokaribishwa.

Mwaka huohuo wa 1983 Agnetha naye alijaribu, na mtayarishaji Mike Chapman. "Can't Shake Loose" ulifika nafasi ya 29 Marekani, na ndio wimbo wake pekee wa solo ulioingia 40 bora huko. Mtunzi? Russ Ballard yuleyule.

Frida alitoa albamu nyingine ya Kiingereza, "Shine", mwaka 1984, chini ya Steve Lillywhite. Haikufika mbali nje ya Ulaya, naye akanyamaza kwa miaka mingi, akahamia Uswisi. Aliporudi na albamu mwaka 1996, aliimba Kiswidi. "Djupa andetag" ilifika namba moja Sweden.