Unauza Online Ukiwa Miritini? Hivi Ndivyo Unaprinti Lebo za Anwani Bila Stress

Kaa unauza madera ama viatu online na kila jioni unaandika majina ya wateja na biro, wacha kujitesa. Kompyuta na printa ya kawaida zinakutolea lebo 21 kwa karatasi moja ya A4. Na usicheze na lebo: mzigo ukishaingia kwa basi, hiyo ndiyo inakuongelea.

1. Panga orodha kwa Excel. Safu zake: jina, simu, sanduku la posta, msimbo wa posta, mji na alama ya mahali. Mitaa mingi haina namba za nyumba, so andika kitu watu wanajua, mfano "Miritini, karibu na stesheni ya SGR".

Hapa ndipo kuna noma. Excel hukula sifuri za mbele. 00100 ya Nairobi inageuka 100, na simu ya 07 inabaki 7. Wengi hawastuki juu 80100 ya Mombasa hutoka sawa. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu ya simu na ya msimbo, uziweke "Text".

2. Fungua Word. Nenda "Mailings", "Start Mail Merge", kisha "Labels". Stika za 21 ni Avery L7160, kila moja milimita 63.5 kwa 38.1. Leta orodha kwa "Select Recipients", panga lebo ya kwanza na "Insert Merge Field", halafu bonyeza "Update Labels". Ukisahau hiyo, anwani itatokea kwa lebo ya kwanza pekee. Malizia na "Finish & Merge".

3. Jaribu na karatasi ya kawaida kwanza. Iweke juu ya stika, inua kwa mwangaza uone kama zimelingana. Printi kwa asilimia 100, usiruhusu printa ipunguze saizi.

4. Chunga maji. Wino wa inkjet huenea ukiloa, kwa hivyo funika lebo na selotepu. Leza inavumilia zaidi, lakini usiirudishie karatasi uliyobandua stika kadhaa, gundi inaweza kunasa ndani.

Mwisho, kaa umetumia kompyuta ya saiba, futa ile orodha na utoke kwa email yako. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na namba za wateja umepewa tu uzitunze. Mjanja akizipata, atawapigia akijifanya ni wewe, aitishe ganji. Hapo jina lako ndilo litachafuka.