Mchuuzi wa Chakula katika Wasifu wa Watoto

Wasifu wa Kiswahili uliwahi kuingia barabarani mapema. Mwaka 1958 ulichapishwa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, unaohusu maisha ya mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyetembeza vyungu akivinadi kwa sauti, miaka mingi kabla ya sauti hiyo kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Hata hivyo, uimbaji ndio uliompa Siti haki ya kuandikwa. Uchuuzi ulikuwa kizingiti cha kuvuka.

Utaratibu huo umepinduliwa katika kitabu cha picha cha Kimarekani, Chef Roy Choi and the Street Food Remix (2017), cha Jacqueline Briggs Martin na June Jo Lee, kilichochorwa na Man One, msanii wa michoro ya kutani. Choi alizaliwa Seoul mwaka 1970, akahamia Marekani na wazazi wake angali mdogo. Alihitimu chuo cha upishi, akapika katika mahoteli ya kifahari, kisha mwaka 2008 akaanza kuuza katika lori, mitaani Los Angeles, nyama ya Kikorea iliyofungwa kwa chapati za mahindi za Kimeksiko. Shujaa huyu anafika kilele chake kwa kushuka barabarani.

Je, mtoto wa Dallas, mtaa wa mjini Embu, atakiona kisa hiki kuwa kigeni? Labda majina tu. Chapati anayonunua asubuhi ina asili ya Kihindi, na kuenea kwake bara kunahusishwa na ujenzi wa reli ya mwaka 1896 hadi 1901. Mahindi ya githeri asili yake ni Amerika, na yalifika pwani enzi za Wareno. Mchanganyiko anaosifiwa Choi umo tayari katika sufuria ya mchuuzi.

Tatizo ni la utanzu wenyewe. Wasifu hudai jina, tarehe na sura, hasa unapoandikiwa watoto, ambapo mchoraji lazima awe na uso wa kuchora. Waliopika chapati za kwanza kando ya reli hawakuacha hata kimoja. Mtunzi atakayejaribu atalazimika kumchagua mchuuzi mmoja aliye hai, au kukusanya masimulizi mapema: Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu wake ulichapishwa wakati wengi waliomsikia wangali wanaweza kusimulia.